Moïse Tshombe, mutu wa feza: kutoka duka ya baba mupaka ku falanga ya Katanga

Mama mumoja wa Makomeno alikuja ku radio yetu asubui moja na kopo ya maziwa ya unga. Ndani hamukuwa maziwa. Mulikuwa feza za chuma za zamani: zingine za wakati wa Wabeleji, zingine za wakati wa Mobutu, na moja yenye alikuwa amefunga peke yake mu kitambaa. Baba yake, mwenye alitumika Union Minière, njo aliiacha. Mama alisema mzee hakuiuzisha hata wakati wa njaa.

Hakutaka kujua mambo mengi. Alitaka kujua kitu kimoja tu: hii iko zahabu ao hapana? Juu kijana mumoja alimuambia kama ni zahabu, na kama kuko munununuzi Ulaya mwenye kutafuta hizi feza sana. Lakini mbele ya yote, mama atoe dola 50 za makaratasi ya kuipimisha. Mama alikuwa tayari na dola 30 mu mukoba. Zilikuwa za minerval ya mujukuu.

Tulimuomba atuonyeshe. Ku upande mumoja kuko mukungu wa ndizi. Ku upande wa pili kuko musalaba, lakini si ule wa kanisa. Ni ule wa mukuba, wenye mikono mine yenye kulingana. Kuko jina la Katanga, mwaka 1961, na bei yake: falanga tano.

Jibu ya mama itakuja hapo chini, musomaji, usikuwe na haraka. Kwanza tueleze maisha ya mutu mwenye hii feza ilitokea mu utawala wake. Mu Lubumbashi kila mutu anajua jina lake, na sanamu yake inasimama mu muji. Lakini vijana wengi wanajua paka jina.

Mutoto wa mwenye duka

Moïse Kapenda Tshombe alizaliwa tarehe 10 mwezi wa 11, 1919, ku Musumba, makao ya Mwant Yav, mukubwa wa Walunda. Ni mbali na hapa, kule mangaribi, upande wa Angola. Baba yake, Joseph Kapenda Tshombe, alikuwa mumoja wa watu weusi wa kwanza mu Katanga wenye walitajirika ku biashara. Wakati ule ilikuwa ajabu. Mutu mweusi alikuwa anatumika ku mugodi, ao ku njia ya reli, ao boyi mu nyumba ya muzungu. Mwenye alisoma sana alikuwa karani. Kuwa na duka yako, na wazungu wakusalimie juu ya mali yako, ilikuwa kitu ya watu wachache sana.

Mutoto alisoma kwa wamisioni wa Metodiste. Kiisha akajifunza kazi ya kontable, ndio kusema kuandika feza zenye kuingia na zenye kutoka. Akaoa Ruth Matschik, binti ya Mwant Yav. Basi alikuwa na milango mbili mbele yake: mali ya baba na heshima ya ukoo wa mufalme.

Baba alikufa mu 1951. Moïse akashika biashara. Hapa njo watu wanashangaa: ule kontable hakufanikiwa. Zaidi ya mara moja biashara yake iliingia mu madeni mupaka ikaanguka. Watu wa Élisabethville, kama muji wetu uliitwa wakati ule, walizoea kumuona amevaa vizuri, anacheka, anasalimia kila mutu, lakini nyuma ya duka hesabu haikuwa sawa.

Siasa ilimupokea pale biashara ilimukatala. Kuanzia 1951 mupaka 1953 alikuwa mu baraza ya jimbo, kati ya Waafrika wachache wenye Wabeleji waliweka pale. Alijifunza mule kusema na wazungu, kusikiliza wakubwa wa sosyete za migodi, na kujua ni nani mwenye kushika ufunguo wa sanduku.

Chama ya wenye inchi

Mu mwaka wa 1957 Wabeleji waliruhusu uchaguzi wa kwanza wa makomine mu Élisabethville. Watu wenye walitoka Kasai kutafuta kazi ku migodi walishinda sana, wakapata vyeo vya bugumestre. Wenye kujiita wenye inchi walikasirika. Walisema kama mukuba ni ya udongo wao, sasa wageni njo watawala.

Mu hiyo hasira chama ya CONAKAT ilizaliwa, mu mwezi wa 10, 1958. Godefroid Munongo, mujukuu wa mufalme M'siri wa Bunkeya, aliiongoza kwanza. Mu 1959 Tshombe akashika uongozi. Munongo alikuwa mutu mukali, mwenye kusema maneno machache. Tshombe alikuwa mutu wa kucheka na kuzungumuza. Wote wawili walisaidiana.

Mu uchaguzi wa mwezi wa 5, 1960, CONAKAT ilipata viti 8 tu mu bunge ya inchi, kati ya viti 137. Mu Kongo muzima, Tshombe alikuwa mutu mudogo. Lakini mu Katanga alikuwa mukubwa, na Katanga njo ilikuwa sanduku ya Kongo. Mu ule mwaka Union Minière ilitoa karibu tani 300 000 za mukuba.

Inchi yenye ilitangazwa ku radio

Uhuru ulifika tarehe 30 mwezi wa 6, 1960. Siku chache tu, waaskari waliasi, wazungu wakakimbia. Tarehe 11 mwezi wa 7, Tshombe alisema ku radio kama Katanga inajitenga na Kongo. Siku kumi na moja tu kiisha uhuru. Wazee wa Kenya, Kamalondo na Makomeno wenye walikuwa watoto wanakumbuka watu wenye walijaza viwanja, wengine kwa furaha, wengine kwa woga. Tarehe 8 mwezi wa 8, akawa raisi wa Katanga.

Inchi mupya inahitaji vitu. Bendera ilipatikana: nyekundu na nyeupe, mustari wa kijani katikati, na misalaba tatu za mukuba. Jeshi lilipatikana, na ofisa Wabeleji ndani, kiisha mersenere, wazungu wenye kupigana juu ya feza. Union Minière ililipa kodi yake kwa Tshombe, si kwa serikali ya Léopoldville. Hiyo njo ilikuwa damu ya ule utawala. Bila ile kodi, Katanga haingemaliza mwezi.

Na inchi inahitaji feza. Banki ya Katanga ilianzishwa, ikaitwa Banque Nationale du Katanga. Ilitosha makaratasi yenye sura ya Tshombe. Fikiria ile siku: kontable mwenye duka zake zilianguka, sasa uso wake uko mu mufuko ya kila mufanyakazi. Mama wa soko alimushika, alimukunja, alimuficha mu kitambaa. Mu 1962 makaratasi mengine yalitoka, bila sura yake.

Mu 1961 feza za chuma zilitengenezwa: falanga moja na falanga tano, za bronze, yaani mukuba wenye kuchanganishwa. Tshombe hakuweka kichwa chake ku feza ya chuma. Waliweka ndizi na musalaba wa mukuba. Walitengeneza pia falanga tano za zahabu, chache, si za kununua unga ku soko. Zilikuwa za kuonyesha dunia kama Katanga iko inchi ya kweli.

Wapinzani wake walimupa jina la kumucheka: Tiroir-Caisse, ndio kusema ile sanduku ya kuvuta yenye mwenye duka anawekamo feza. Walitaka kusema kama mwenye kulipa njo anamuongoza. Watu wake walikatala. Walisema kama feza ya Katanga ilikuwa nguvu, mushahara ulitoka, na mu muji mulikuwa chakula wakati mahali pengine mulikuwa njaa. Wote wawili walikuwa wanasema juu ya kitu kimoja: feza.

Musalaba wenye ulikuwa feza mbele ya feza

Juu ya nini musalaba? Hapa tusimame kidogo, juu vijana wengi wanazani ni alama ya kanisa.

Mbele ya Wabeleji, mbele ya M'siri, watu wa huku walikuwa wanayeyusha mukuba. Waliitwa wakula mukuba. Wakati wa kiangazi, kiisha kuvuna, walichimba lile jiwe la kijani lenye mukuba, wakajenga tanuru kwa udongo wa kisuguru, wakapuliza moto kwa mivukuto. Mukuba wenye kuyeyuka waliumwanga mu shimo lenye umbo la musalaba. Ulipopoa, ulikuwa feza. Ulinunua chumvi, jembe, kitambaa, hata mahari. Ku Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbuzi walikuta misalaba kama hiyo mu makaburi ya zamani sana, ya mamia ya miaka mbele ya muzungu wa kwanza. Mingine ilikuwa imewekwa ku kifua ya marehemu. Ukitaka kuiona kwa macho, ingia mu mizeo ya Lubumbashi.

Ile misalaba ilikuwa na kitu ambacho falanga ya Tshombe haikukuwa nacho. Haikuhitaji raisi. Haikuhitaji banki. Uzito wake njo ulikuwa bei yake. Ukiupeleka kwa Walunda ao kwa Waluba, ulikuwa mukuba ule ule.

Falanga ya Katanga ilikuwa na musalaba uliochorwa tu. Na hakuna inchi hata moja mu dunia yenye ilikubali Katanga rasmi. Hata Ubeleji, yenye ilituma ofisa na waalimu, haikuikubali ku karatasi.

Upande wenye hausemwi ku sikukuu

Mutu akisimulia maisha ya Tshombe na kuruka mwezi wa 1, 1961, anadanganya. Tarehe 17, ndege ilileta wafungwa watatu ku Élisabethville: Patrice Lumumba, waziri wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walikuwa wamepigwa sana mu ndege. Usiku ule ule walipelekwa mu pori na wakapigwa risasi, mbele ya ofisa Wabeleji. Tshombe na mawaziri wake wengine walikuwa pale. Tume ya bunge ya Ubeleji ilichunguza yote hii, na mu 2001 ikatosha ripoti yake.

Ku kaskazini ya jimbo, Waluba wa chama ya BALUBAKAT hawakukubali kujitenga. Jeshi la Katanga na mersenere walichoma vijiji. Hapa mu muji, mu 1961, makumi ya maelfu ya Waluba walikimbia nyumba zao na kulala mu kambi ya ONU, mu vibanda vya makaratasi na mabati. Kuko familia mu Lubumbashi zenye hazitaki kusikia jina la Tshombe mupaka leo. Kuko zingine zenye zinalipatia watoto. Wakati mwingine zinakaa ku avenue moja.

Tshombe mwenyewe alifungwa mu mwezi wa 4, 1961, ku Coquilhatville, leo Mbandaka, kule alienda kwa mukutano na wakubwa wengine wa Kongo. Alitoka mu mwezi wa 6. Mu mwezi wa 9 ONU ilipigana na jeshi lake mu muji wetu. Katibu mukubwa wa ONU, Dag Hammarskjöld, alikuwa anaenda kuonana naye wakati ndege yake ilianguka karibu na Ndola, usiku wa tarehe 17 kuingia 18. Vita ikarudi mu mwezi wa 12. Tshombe akatia sahihi ku Kitona, akarudi, akasema inafaa bunge yake iangalie kwanza. Alijua kununua wakati kama wenye duka wanajua kununua wakati kwa mwenye deni.

Kiisha sikukuu ya Noeli ya 1962, ONU ilianza vita ya mwisho. Tarehe 14 mwezi wa 1, 1963, Tshombe alikubali kama kujitenga kumeisha. Katanga iliishi miaka miwili na nusu.

Falanga yake nayo ikaisha. Ile ya Kongo ikarudi. Wenye walikuwa na haraka walibadilisha. Wenye walikuwa na uchungu, ao na matumaini, ao walisahau tu, waliacha zingine mu kopo, mu sanduku, chini ya kitanda. Baba ya mama wetu wa Makomeno alikuwa mumoja wao.

Mwizi wa Katanga anakuwa waziri wa kwanza wa Kongo

Mu 1963 Tshombe alienda Spania. Wengi walizani amemalizika. Mwaka mumoja tu, maasi ya Simba yalishika karibu nusu ya inchi, na wakubwa wa Léopoldville hawakujua tena wafanye nini. Wakamuita. Mu mwezi wa 7, 1964, mutu mwenye alikata Kongo akawa waziri wa kwanza wa Kongo muzima.

Aliwaita tena mersenere na waaskari wake wa zamani wa Katanga. Tarehe 24 mwezi wa 11, 1964, paracommando Wabeleji waliruka kutoka ndege za Amerika juu ya Stanleyville, leo Kisangani, kutosha wazungu wenye walikamatwa na Simba. Maasi yalivunjika, lakini Waafrika wengi walimuchukia zaidi. Raisi wengine wa Afrika walikatala hata kukaa naye mu mukutano mumoja.

Mu uchaguzi wa 1965 muungano wake, CONACO, ulipata viti vingi. Hapo raisi Kasa-Vubu aliogopa. Tarehe 13 mwezi wa 10 alimufukuza na kuweka Évariste Kimba mu nafasi yake, mutoto wa Katanga mwenye alikuwa waziri wa Tshombe mu ule wakati wa kujitenga. Bunge ikakatala Kimba. Wakubwa wawili waligombana, na mutu wa tatu akachukua nyama: tarehe 24 mwezi wa 11, Mobutu alishika utawala. Mwaka wenye kufuata, Kimba alinyongwa mbele ya watu ku Kinshasa. Tshombe alikuwa amekwisha kukimbia tena Spania.

Ndege yenye iligeuka

Mu mwezi wa 3, 1967, tribunali ya Kinshasa ilimukatia hukumu ya kufa, yeye akiwa hayupo. Union Minière nayo ilikuwa imekwisha kukamatwa na serikali tangu tarehe 1 mwezi wa 1. Sanduku ilihama mikono. Mu mwezi wa 6 Mobutu alitosha feza mupya, zaire: falanga 1000 za Kongo zilikuwa zaire moja, na zaire moja ilikuwa dola mbili.

Mu mwisho wa ule mwezi wa 6, tarehe 30, siku ya sikukuu ya uhuru, Tshombe alipanda ndege ndogo kati ya visiwa vya Spania. Mu ndege mulikuwa Mufransa mumoja, Francis Bodenan, mwenye alijifanya rafiki wa biashara. Bodenan alitosha bunduki, akageuza ndege mupaka Algeri. Mutu mwenye aliishi kwa kuamini kama kila mutu ana bei yake, alikamatwa mu mutego wa mutu wa biashara.

Tribunali kubwa ya Algeria ilikubali arudishwe Kongo, lakini raisi Boumédiène hakumutuma, na hakumuachilia. Tshombe alikaa kifungoni miaka miwili. Alikufa tarehe 29 mwezi wa 6, 1969, siku moja mbele ya ile sikukuu. Alikuwa na miaka 49. Waganga walisema ni moyo. Kuko watu wengi huku wenye hawakukubali ile jibu, na hawataikubali. Alizikwa ku Ubeleji, karibu na Bruxelles, mbali na Musumba na mbali na mukuba.

Feza zenye zinakufa

Watu wa Lubumbashi wanajua kama feza inakufa. Falanga ya Katanga ilikufa 1963. Mu mwisho wa 1979, wakati wa Noeli, Mobutu aliua makaratasi ya zaire 5 na 10, na watu wakapata siku chache tu za kubadilisha. Wengi walipoteza akiba ya maisha. Mu 1993 zaire 3 000 000 zikawa zaire mupya moja. Mu 1998 zaire mupya 100 000 zikawa falanga moja ya Kongo. Jimbo nalo lilibadilisha jina: Katanga, kiisha Shaba, kiisha Katanga tena, na tangu 2015 likakatwa mara ine.

Njo maana mama ya Makomeno alikuwa na haki ya kuuliza. Kati ya hizi feza zote zenye zilikufa, kuko moja yenye inaishi?

Mizani

Tulienda naye kwa fundi wa bijou mu soko, mwenye mizani ndogo ya kupima zahabu. Mbele ya kupima, tulijua kitu kimoja. Falanga tano ya bronze na falanga tano ya zahabu ziko na upana mumoja, milimetre 26. Picha ni zile zile. Ukiziweka pembeni, na ile ya bronze ikisuguliwa vizuri, macho yanaweza kudanganyika. Lakini ile ya zahabu iko na uzito wa gramu 13 na kidogo, na ndani yake muko gramu 12 za zahabu safi. Ile ya bronze iko karibu nusu ya ule uzito.

Fundi aliweka. Mizani ikaandika gramu 6 na kitu.

Mama alinyamaza. Kiisha alicheka kidogo, akasema afazali ajue kuliko kuota. Ni bronze. Kuko nyingi zenye zilibakia mu dunia, na bei yake ni ya dola chache tu, si ya kujenga nyumba. Kupima kulichukua dakika mbili, na fundi hakuomba hata falanga.

Wenye kukusanya feza za zamani wako wa kweli, si hadisi. Kila mwaka wanakutana mu maonyesho makubwa, kama World Money Fair ya Berlin. Kule wauzaji wanaweka feza ku meza, na watu wanaleta za kwao zipimwe. Wanaangalia mambo tatu. Ya kwanza: iko katika hali gani? Ya pili: zilibakia ngapi? Ya tatu: kuko watu wangapi wenye kuitafuta? Umri peke yake hautoshi. Kuko feza za miaka 1000 zenye bei ndogo, juu ziko nyingi.

Kwa hiyo, wewe mwenye kopo kama ile, shika haya. Usisugue feza ya zamani na limau, majivu ao muchanga. Ukiondoa rangi yake ya uzee, umeondoa sehemu kubwa ya bei. Ishike ku ukingo, si ku uso. Ipimishe ku mizani, angalia kama sumaku inaivuta. Zahabu na bronze hazivutwi. Piga picha ya pande mbili, na uulize watu wawili ao watatu wenye hawajuane. Usiache feza yako kwa mutu mu usiku. Na mutu mwenye anaomba umulipe kwanza juu ya kukuletea munununuzi, huyo munununuzi hayuko. Muzaa ni wewe.

Tulimuuliza mama kama ataiuzisha. Akasema hapana, juu ya dola chache hafazaishi baba yake mu kaburi. Alimukumbuka mzee kila mwaka, mwezi wa 7, akiitosha mu kitambaa na kuiangalia bila kusema neno. Hakujua kama ilikuwa furaha ao majuto. Mzee alikuwa Muluba wa kutoka kaskazini, na mu 1961 alilala mu ile kambi ya ONU na bibi yake mwenye mimba. Aliacha nyumba, akaacha viti na nguo. Feza moja ilibakia mu mufuko, na ilikuwa ya ule mwenye alimukimbiza.

Mama aliifunga tena mu kitambaa, akairudisha mu kopo. Zile dola 30 zilikuwa bado mu mukoba. Kutoka kwa fundi, alipita moja kwa moja ku masomo, akalipa minerval ya mujukuu.